Misingi ya Muziki na Ngoma za Maneromango

Mwaka wa 1895 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Maneromango, katika nchi ya Wazaramo. Walikuwa wamekwisha kukaa Dar es Salaam tangu mwaka wa 1887, na Kisarawe tangu mwaka wa 1892. Chama chao kilikuwa kichanga na nguvu zake zilikuwa haba. Mwaka wa 1903 kiliviacha vituo vya Uzaramo mikononi mwa Misioni ya Berlin, chenyewe kikabaki na kazi ya Usambara. Waandishi wa historia ya kanisa huyaeleza mambo hayo kwa habari za ardhi, shule na ubatizo. Muziki hutajwa kwa nadra, nao ukitajwa husemwa tu kwamba watu waliimba vizuri. Walakini siku ile nyimbo za Kijerumani zilipoanza kuimbwa Maneromango kwa maneno ya Kiafrika, ndiyo siku iliyoanza pia elimu mpya ya sauti. Elimu hiyo ilikua, ikahama kutoka kanisani kwenda shuleni, kutoka shuleni kwenda chuoni, na huko mwanafunzi wa leo huikuta ikimngoja chini ya jina la misingi ya nadharia ya muziki.

Jina hilo lataka kuchunguzwa. Mwanafunzi afundishwapo misingi hiyo huanza na mistari mitano na nafasi zake nne. Hujifunza majina ya noti na urefu wa kila moja: nzima, nusu, robo, na vigawanyo vyake. Hufundishwa ngazi ya sauti nane, na jinsi masafa ya sauti nzima na nusu sauti yanavyopangwa ndani yake. Kisha namna ya kupandisha au kushusha noti kwa nusu sauti, kutambua ufunguo wa wimbo, kugawanya wimbo katika vipimo vyenye mapigo mawili, matatu au manne, na mwisho kuzipatanisha sauti nne ili zisigongane. Haya yote ni elimu ya kweli, na mtu aliyeyashika vizuri hupata uwezo mkubwa: aweza kuusoma wimbo ulioandikwa miaka mia tatu iliyopita na mtu asiyemjua, akausikia kichwani kabla haujaimbwa. Hapana apasaye kuudharau uwezo huo. Swali ni kama hiyo ni misingi ya muziki, au ni misingi ya nyumba moja katika mji wa muziki.

Wazaramo hawakungoja mwaka wa 1895 ili wajue kwamba sauti zina mpango. Ngoma zilitumika katika arusi, katika tiba, katika misiba, na katika kumtoa mwali ndani. Mdundiko, ambao hupigwa na kuchezwa kwa mwendo wa kufuatana njiani, umejulikana hata mbali na Uzaramo. Vyombo vyenyewe vilikuwa na majina na vyeo. Watu wa pwani na mrima walitofautisha chapuo na vumi, na vumi na msondo. Na kila ngoma ilikuwa na kazi yake katika mkusanyiko, moja ikishika mwendo usiobadilika na nyingine ikipewa ruhusa ya kuzungumza juu yake. Mtoto alijifunza kwa kusimama karibu, kwa kupiga kofi, kwa kupewa kwanza ngoma ndogo na ya kazi nyepesi, na kwa kuchekwa alipokosea. Hapakuwa na karatasi, ila palikuwa na mtihani: mpigaji aliyeharibu mwendo aliwafanya wachezaji wasimame, na aibu hiyo ilikuwa kali kuliko alama yoyote ya wino.

Juu ya elimu hiyo ndipo ulipowekwa wimbo wa Kijerumani. Ugumu wa kwanza ulitokea katika maneno. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, na mistari mingi ya nyimbo zake za kanisa huanza kwa silabi nyepesi kabla ya ile nzito. Kiswahili huuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Lahani ikianza kwa noti nyepesi, na mfasiri akaweka hapo neno Mungu, mwimbaji hulazimika kuikaza silabi ya mwisho, jambo ambalo hakuna Mswahili alitendaye asemapo. Vivyo hivyo kwa Bwana, kwa Roho, kwa Yesu: maneno yaliyo moyoni mwa nyimbo zote hizo ni ya silabi mbili, na mkazo wake uko mwanzoni. Mfasiri mwangalifu alitafuta neno la silabi tatu, kama vile upendo au neema, ili silabi nyepesi iangukie noti nyepesi. Asiye mwangalifu aliliacha neno likavunjika shingo. Tena kuna tatizo la urefu. Mungu kwa Kijerumani ni silabi moja, na roho ni silabi moja. Kwa hiyo mstari wa noti nane uliobeba maneno sita au saba katika lugha ya asili hubeba matatu au manne kwa Kiswahili, na mfasiri hana budi kuacha nusu ya maana au kuibana mpaka isitambulikane.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na nadharia yake ya uhusiano wa neno na lahani, iliyokamilika tangu zamani. Mshairi wa utenzi huhesabu mizani nane katika kila kipande, naye hutazama vina. Ndani ya kipande mkazo huachwa utembee utakako, na sauti ya msomaji huufuata. Lahani za tenzi zimeundwa ziweze kupokea utembezi huo. Mtu aliyeyajua mambo hayo angeweza kuwaambia wafasiri mapema ni wapi nyimbo zao zitakwaruza. Lakini elimu ya mashairi iliwekwa katika kabati la fasihi, na elimu ya muziki katika kabati jingine, na kwa muda mrefu mwenye ufunguo wa kabati moja hakuwa na ufunguo wa pili. Hata leo ni vigumu kuona chuo ambacho mwanafunzi wa nadharia ya muziki hufundishwa mizani ya utenzi kama sehemu ya somo lake.

Ugumu wa pili ulikuwa katika kuandika. Walutheri wa Ujerumani walileta mistari mitano, na pamoja nayo desturi ya matarumbeta. Desturi hii ina kisa ambacho wanafunzi wengi hawakijui ingawa huwasumbua. Katika bendi za kijeshi, tarumbeta huandikiwa noti zake kwa namna ya pekee: noti iandikwayo haiwi sawa na ile isikikayo kwenye kinanda, bali tofauti yake hutegemea ukubwa wa chombo. Johannes Kuhlo, mchungaji wa Bethel aliyeishi tangu mwaka wa 1856 mpaka 1941 na aliyezieneza bendi za matarumbeta za kanisa kule Ujerumani, aliikataa njia hiyo. Alitaka wapigaji wasome noti zilezile zilizo katika kitabu cha waimbaji, ili bendi ichukue wimbo wowote bila ya kuuandika upya. Bethel ndiko chama kilichoanzisha Maneromango kilikohamia mwaka wa 1906, miaka mitatu baada ya kuiacha Uzaramo. Na njia ya Kuhlo ilienea pamoja na matarumbeta ya Kilutheri. Kwa hiyo kijana aliyefundishwa tarumbeta kanisani, akienda kujiunga na bendi ya polisi au ya jeshi, au kusoma katika chuo kifuatacho vitabu vya Kiingereza, huambiwa kwamba anaziita noti kwa majina yasiyo yake. Hakukosea. Alifundishwa nadharia moja sahihi, akapimwa kwa nyingine iliyo sahihi pia.

Waingereza nao walikuwa na njia yao, na hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote. Bibi Sarah Glover wa mji wa Norwich alibuni namna ya kufundisha kuimba kwa herufi badala ya mistari, na John Curwen, mchungaji aliyezaliwa mwaka wa 1816, akaichukua kazi hiyo katika miaka ya 1840 akaitengeneza na kuieneza duniani. Ndiyo solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Sifa yake ni mbili. Kwanza, do husogea. Wimbo ukipandishwa au kushushwa majina hayabadiliki, kwa hiyo mwimbaji hufikiri juu ya uhusiano wa sauti na sauti, jambo ambalo ni kiini cha kuimba. Pili, huchapwa kwa herufi na nukta za kawaida, hata mtambo mdogo wa misioni uliweza kuichapa bila ya kuagiza chapa za mistari mitano kutoka Ulaya. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Afrika ya Kusini, aliandika kwa solfa mwaka wa 1897 wimbo ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania. Yafaa kukumbukwa kwamba nchi hii ilipotaka sauti ya uhuru mwaka wa 1961, iliipata kwa njia ya herufi za Curwen.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliwaondoa Wajerumani. Makanisa ya Uzaramo yakabaki mikononi mwa walimu Waafrika, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mgeni wa kusahihisha wimbo. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena vilipoanza vita vya 1939. Msomaji na afikiri maana ya vipindi hivyo viwili kwa muziki. Wimbo usio na msahihishaji haukai kama ulivyoandikwa. Waimbaji huuvuta kuelekea masikio yao. Sauti ya pili huachana na kitabu na kuifuata ya kwanza kwa sambamba. Silabi iliyovunjika shingo hunyooshwa kwa kuichelewesha au kuiwahisha. Mwendo mzito wa Kijerumani huanza kuyumba kidogo, na katika kuyumba huko mna kumbukumbu ya ngoma. Mwalimu wa chuo ausikiapo wimbo wa namna hiyo huandika pembeni kwamba waimbaji hawashiki muda. Pengine wanashika muda mwingine.

Katika wilaya hiyohiyo ya Kisarawe, Waingereza wa misioni ya Kianglikana walikileta Chuo cha Mtakatifu Andrea mwaka wa 1925, kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki. Minaki ilitoa walimu, na walimu walisambaa nchini. Katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza mwalimu wa shule alitazamiwa aweze kuongoza wimbo, na solfa ilikuwa chombo chake. Hivyo Kisarawe moja ilikuwa na njia mbili za kusoma sauti, ya Kijerumani na ya Kiingereza, na njia ya tatu ambayo haikusomwa ila kuchezwa. Njia mbili za kwanza zilipewa jina la elimu. Ya tatu iliitwa ngoma, na katika shule nyingi za misioni mwanafunzi alikatazwa kwenda kuitazama.

Katazo hilo ndilo lililoleta hasara kubwa, kwa sababu lilikata uzi wa kujifunza. Kijana aliyekaa bwenini tangu utoto hakusimama karibu na mpigaji, hakupewa ngoma ndogo, hakuchekwa. Alirudi kwao akijua do na so, lakini mkono wake haukujua kugawanya muda. Na kugawanya muda ndipo palipo na tofauti kuu baina ya nadharia ya chuo na elimu ya ngoma.

Mfano mmoja watosha. Chukua vipigo vidogo sita vilivyo sawa. Vitabu vya nadharia husema kwamba vipigo hivyo vyaweza kufungwa mafungu mawili ya vitatu vitatu, au mafungu matatu ya viwili viwili. Kila namna ina alama yake mwanzoni mwa wimbo, na mwanafunzi huulizwa katika mtihani achague moja. Akichanganya hupoteza alama. Lakini katika ngoma nyingi za nchi hii namna zote mbili husikika kwa wakati mmoja. Mkono mmoja hugawa kwa mbili, mwingine kwa tatu; mguu wa mchezaji hufuata fungu moja na makofi ya wanawake hufuata jingine; na ladha ya ngoma iko katika kutokuchagua. Mtu aliyelelewa nayo akipewa swali lile hujikuta akijibu kwa uongo ili afaulu, au kwa ukweli ili ashindwe.

Wataalamu wa Ulaya walilisumbukia jambo hili kwa muda mrefu. Erich von Hornbostel wa Berlin, aliyekuwa amezichunguza sauti za Waafrika zilizonaswa katika mitungi ya nta, aliandika mwaka wa 1928 kwamba mpigaji wa Kiafrika huhesabu pigo kutoka katika kuinua mkono, hali Mzungu huhesabu kutoka katika kushusha. Padre A. M. Jones, aliyekuwa mmisionari katika nchi ambayo sasa ni Zambia, hakutosheka na maelezo hayo. Alimketisha Desmond Tay, mpigaji wa Kiewe kutoka Afrika ya Magharibi, mbele ya chombo kilichoandika kila pigo la mkono juu ya karatasi iendayo, na mwaka wa 1959 akatoa kitabu chake kikubwa. Katika kurasa zake kila ngoma ina mistari yake ya kipimo, na mistari hiyo haikutani: moja huanza pale nyingine ilipo katikati. Wengine baada yake wamebishana naye kwa haki, wakisema kwamba wapigaji wana mwendo mmoja wa pamoja wanaousikia wote hata kama haupigwi. Hata hivyo karatasi ya Jones iliondoa shaka moja. Kile kilichoitwa kelele kilikuwa na hesabu, na hesabu yake ilikuwa ngumu kuliko ile ya mtihani.

Katika sauti zenyewe hali ni hiyohiyo. Ngazi ya chuo huigawa oktava katika nusu sauti 12 zilizo sawa, kwa sababu kinanda hutengenezwa hivyo. Wagogo, majirani wa mbali wa Uzaramo kwenye njia ya reli, huimba kwa ngazi itokanayo na sauti za asili zinazozaliwa juu ya sauti moja ya chini, na baadhi ya sauti hizo huangukia katikati ya vibonye vya kinanda. Waimbaji wa taarabu wa Unguja hutumia maqamu za Kiarabu kama rasti na bayati, zenye masafa yaliyo madogo kuliko sauti nzima na makubwa kuliko nusu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba nusu sauti ndiyo safa ndogo kuliko zote, akiwasikia hawa, atadhani wanakosea. Na mwalimu asipoangalia atamthibitishia.

Baada ya uhuru mambo yalianza kusemwa wazi. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere, akilihutubia taifa siku ya kuzaliwa kwa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi waliosoma walijua kucheza dansi za kigeni wala hawakupata hata kuzisikia gombe sugu, mangala au lele mama. Mwaka uliofuata Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu cha kutetea nafasi ya muziki wa Kibantu katika ibada ya Kikatoliki, na mwaka huohuo Mtaguso wa Vatikano ukakubali kwamba muziki wa wenyeji upewe heshima yake. Upande wa Walutheri, ambao mwaka wa 1963 waliunganisha makanisa yao saba kuwa kanisa moja la nchi nzima, Maneromango ikiwamo, kazi ya maana ilifanyika katika chuo cha Makumira. Howard Olson, mwalimu wa hapo, aliwataka wanafunzi wake walete lahani za kwao. Zikaandikwa, zikapewa maneno ya ibada, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikatoka kitabuni. Katika kazi ile mpango wa darasa ulipinduka. Mwanafunzi ndiye aliyejua wimbo. Mwalimu alijua kuuandika. Na mistari mitano ikarudi katika cheo chake cha mtumishi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingiza muziki katika idara yake ya sanaa katika miaka ya 1970, na mwaka wa 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambako Hukwe Zawose, Mgogo, mpigaji mashuhuri wa zeze na marimba, alifundisha. Unguja ilipata chuo chake cha muziki wa nchi za jahazi mwaka wa 2001, na humo maqamu hufundishwa kama nadharia, si kama mapambo. Hayo ni maendeleo yasiyokanika. Hata hivyo jambo moja halijapata kutengenezwa sawasawa: mara nyingi ngoma huwekwa katika somo la vitendo, na nadharia hubaki katika chumba kingine pamoja na mistari mitano. Mpigaji stadi huitwa afundishe mikono ya vijana saa nane mchana. Asubuhi yake vijana haohao wamekwisha kuambiwa na mtu mwingine muda ni nini. Halmashauri ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka wa 1889 kwa ajili ya mitihani ya muziki ingali ikipima watu duniani kote, na cheti chake kina thamani sokoni. Haiwezekani kumlaumu mzazi atakaye mwanawe akipate.

Yawezekana kuanza pengine. Darasa la kwanza laweza kuketi bila ya karatasi, wanafunzi wakapiga makofi sita yaliyo sawa, nusu yao wakakaza la kwanza na la nne, nusu wakakaza la kwanza, la tatu na la tano, kisha wakabadilishana bila ya kusimama. Katika robo saa watakuwa wameyajua mafungu mawili na mafungu matatu, na kwa nini alama zake ni mbili, na kwa nini hazitoshi. Ndipo karatasi iletwe. Vivyo hivyo kwa sauti: waimbe kwanza wimbo wa kwao, watafute ni sauti ipi wimbo unayoirudia ili upumzike, waiite do kama Curwen alivyotaka, na wahesabu sauti zilizobaki kwa masikio kabla ya kuambiwa kwamba ni lazima ziwe saba. Wengine watapata tano. Wengine watapata sauti ambayo kinanda hakina, na hapo somo la mistari mitano litakuwa na jambo la kujibu.

Barabara itokayo Kisarawe kwenda Maneromango ingali ikipita penye makanisa na misikiti na viwanja vya arusi. Jumapili asubuhi kwaya husoma solfa ubaoni. Arusi ikifika, chapuo huwambwa upya na kuanikwa karibu na moto ili ngozi ikaze, na mpigaji huigonga kwa kidole, huinamisha kichwa asikilize, huirudisha motoni, huigonga tena, mpaka sauti yake ipatane na ile ya ngoma kubwa iliyo kando yake.